Mbwa atimuaye mbio ghafla si lazima awe ameshikwa na kichaa

JUA linapokaribia kutua na mwenye boma kufungua mlango wa kibanda, mbwa aliyeshinda kutwa amefungiwa hutoka shoti. Huizunguka nyumba mara mbili tatu kwa kasi ya ajabu, hukata kona karibu na tangi la maji akitifua vumbi, hupenya katikati ya nguo zilizoanikwa, husimama ghafla ameachama, kisha huanza upya kwa upande wa pili.

Baada ya dakika chache mambo huwa yamekwisha. Mnyama hujilaza penye baridi, ulimi nje, akihema, kana kwamba si yeye aliyenusurika kuangusha ndoo za maji na watoto waliokuwa wakizibeba.

Kwa jirani anayechungulia juu ya ua, hasa aliyewahi kushuhudia mtu akifa kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, tukio kama hilo halichekeshi hata kidogo. Katika vijiji na mitaa mingi humu nchini, mbwa akionekana akikimbia ovyo bila kufukuzwa na yeyote, wazo la kwanza huwa ni kwamba amepatwa na kichaa. Mawe na rungu hutangulia. Swali kwamba ni wa nani na kama amechanjwa huulizwa akiwa tayari amelala mtaroni.

Woga huo una msingi wake, na si haki kuwacheka wenye nao. Lakini mara nyingi mbwa anayetimua mbio kwa namna iliyoelezwa hapo juu huwa ni mzima wa afya, na huwa anacheza.

Wapenzi wa mbwa wa Uingereza na Marekani wameipa tabia hii jina la utani linaloiga mvumo wa kitu kinachopita kasi. Wataalamu nao, kama ilivyo desturi yao, wana jina refu zaidi lenye maana ya vipindi vya harakati za ghafla zisizo na mpangilio. Kiswahili hakijatenga istilahi kwa ajili ya jambo hili, ingawa kitenzi kuchachawa kinalikaribia vyema kuliko majina yote hayo mawili.

Anayetaka kuitambua tabia hii na autazame mwili wa mnyama. Mbwa anayechachawa hukunja kiuno na kuteremsha sehemu ya nyuma hadi ikaribie kugusa ardhi, miguu ya nyuma ikijirusha mbele ya ile ya mbele. Mkia huwa umelegea au umekunjwa chini, masikio yamelala nyuma, mdomo uko wazi na midomo imelegea bila kukenua meno. Njia yake haijanyooka. Ni mizunguko, nambari nane na kona za ghafla.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba haendi mbali. Duara lake humzunguka bwana wake, nyumba, mti au mbwa mwenzake. Anamtazama anayempenda kila anapopita, na akiitwa jina, hata kama hataki kusimama, sikio lake huonyesha kuwa amesikia.

Vilebu, yaani watoto wa mbwa, na mbwa walio chini ya umri wa miaka miwili ndio wanaoongoza kwa mbio hizi. Hata hivyo, si ajabu kumwona mbwa mzee mwenye mvi kinywani akijisahau kwa nusu dakika na kuruka kama kilebu. Mbwa mwenye kiwiliwili kizito huchoka mapema. Mwembamba mwenye miguu mirefu anaweza kuufanya ua mzima uwanja wake.

Nyakati zake pia zinajulikana. Asubuhi na mapema na magharibi ndiyo saa ambazo mbwa kwa maumbile huwa wachangamfu zaidi. Mbwa hukimbia pia mwenye nyumba anaporejea kutoka kazini, anapofunguliwa mnyororo, baada ya kujisaidia, mvua inapokatika na hewa kuwa baridi, na, jambo linalowashangaza wengi, mara tu baada ya kuogeshwa.

Kuhusu kuoga, maelezo ni zaidi ya moja na huenda yote yana ukweli. Mbwa wengi hawapendi kushikiliwa chini ya maji, kwa hiyo kuachiliwa ni kama kutoka kizuizini. Maji manyoyani ni baridi na ni mzigo. Wanasayansi wa chuo cha teknolojia cha Georgia, Marekani, walionyesha mwaka wa 2012 kwamba mnyama mwenye manyoya anaweza kujikung'uta na kuondoa takriban asilimia 70 ya maji kwa muda usiofika sekunde moja. Kinachobaki hukaushwa kwa kukimbia na kujisugua kwenye nyasi. Kisha kuna sabuni yenye manukato. Pua ya mbwa ina uwezo unaoishinda ya binadamu mara nyingi sana, na harufu ya waridi au limau inayomfurahisha mwenye mbwa humfanya mbwa ajihisi amevikwa ngozi isiyo yake. Ndiyo maana mbio za baada ya kuoga aghalabu huishia mavumbini, kwa hasara ya aliyeogesha.

Kwa nini basi mnyama atumie nguvu nyingi hivyo pasipo kuwinda, kutoroka wala kutafuta mwenzi? Swali hili limewasumbua wanafikra kwa zaidi ya karne moja.

Katika karne ya 19, mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer alieleza kwamba mchezo ni njia ya kumwaga nguvu zilizozidi mahitaji. Mjerumani Karl Groos, katika kitabu chake cha mwaka wa 1896 kuhusu michezo ya wanyama, akageuza mtazamo: mnyama mchanga hucheza ili ajizoeze stadi atakazozihitaji ukubwani. Kwa Groos, kilebu anayekata kona anajifunza kumfuata swara na kumkwepa adui.

Maelezo yote mawili yana mashiko, na yote mawili yana pengo. Nguvu za ziada hazielezi kwa nini mbwa aliyechoka baada ya safari ndefu huweza kuzuka tena kwa mbio. Mazoezi nayo hayaelezi kwa nini mbwa wa miaka kumi, aliyekwisha kujua kila alichopaswa kujua, bado anachachawa.

Mwaka wa 2001, watafiti Marek Spinka, Ruth Newberry na Marc Bekoff walitoa hoja iliyoziba sehemu ya pengo hilo. Walisema kwamba mchezo humfunza mnyama kukabiliana na asiyoyatarajia. Anayekimbia kwa kasi isiyodhibitika, akateleza, akapinduka na kuinuka, anajifunza jinsi ya kuurudisha mwili wake sawa unapopotewa na mizani, na pia jinsi ya kutuliza moyo baada ya mshtuko. Ukimtazama mbwa akijirusha kwenye kona asiyoweza kuimudu, kisha akajirusha tena palepale, hoja hii haiwi ngumu kuikubali.

Nayo raha? Wanasayansi wa zamani waliliogopa neno hilo. Aliyelileta maabarani kwa ujasiri ni Jaak Panksepp, mtafiti mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi yake Marekani hadi alipofariki mwaka wa 2017. Panksepp alionyesha kwamba panya wanaocheza, au wanaotekenywa tumboni, hutoa milio myembamba ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Aidha, panya walioondolewa tabaka la juu la ubongo tangu wachanga bado walicheza. Maana yake ni kuwa hamu ya kucheza imejikita katika sehemu za kale za ubongo, ambazo panya, mbwa na binadamu wanazo kwa pamoja.

Mfugaji wa ng'ombe wa Nyandarua au Nandi hahitaji maabara kuliamini hilo. Amewaona ndama wakitolewa zizini asubuhi, mkia juu kama bendera, wakirusha mateke hewani. Wana-mbuzi hupanda kichuguu na kuruka kutoka juu yake mara kumi. Paka hukimbia ukutani usiku wa manane na kuwaamsha waliolala.

Ndama hao wametufunza jambo linalomhusu moja kwa moja mfugaji wa mbwa. Utafiti uliofanywa Denmark ulionyesha kuwa ndama waliowekwa katika vizimba vidogo walikimbia na kurukaruka zaidi walipoachiwa katika uwanja kuliko wenzao waliokuwa na nafasi ya kutosha. Hamu ya kukimbia haifi kwa kufungiwa. Hujilimbikiza kama maji nyuma ya boma.

Humu nchini, mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa tangu alfajiri hadi giza liingie, katika kibanda ambamo pengine hawezi hata kugeuka vizuri. Imani iliyoenea ni kwamba akiona watu mchana atawazoea na kupoteza ukali. Imani hiyo inamgharimu mbwa na pia mwenyewe. Mnyama asiyewahi kukutana na watu kwa utulivu hamtambui mgeni mwema na mwizi, na nusu saa ya kwanza ya uhuru wake, ambayo ndiyo saa watoto wanarudi kutoka dukani na majirani wanapita langoni, huwa ni ya mbio za wazimu. Anayetaka mlinzi mtulivu usiku hana budi kumtembeza mchana.

Mbio hizi pia ni mwaliko. Mara nyingi kabla ya kuanza, mbwa huinamisha kifua, viwiko vikagusa ardhi huku sehemu ya nyuma ikiwa juu na mkia ukipungapunga. Bekoff, ambaye ni profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Colorado, alichunguza mwinamo huo na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1995. Aligundua kwamba haufanywi kiholela. Mbwa huinama hasa kabla au baada ya kuuma kimchezo huku akitikisa kichwa, tendo ambalo mwenzake angeweza kulichukua kuwa shari. Ni kama mtu asemaye, hii ni mizaha, tuendelee.

Mwinamo huo ndio ishara bora kuliko zote kwa asiyewajua mbwa. Mbwa aliyeshikwa na kichaa haalikani na mtu kucheza.

Na hapo ndipo penye uzito wa suala lote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na kisa cha kwanza cha binadamu kikanukuliwa mwaka wa 1928. Zaidi ya karne moja baadaye, inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua hadi watu 2,000 kila mwaka nchini. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, na takriban waathiriwa wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa.

Virusi vyake hukaa katika mate. Vikiingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni, safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi, kisha hushuka hadi kwenye tezi za mate kumsubiri mhasiriwa mwingine. Dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa mgonjwa habadiliki kwa dakika tatu kisha akarudi hali yake ya kawaida. Mabadiliko huanza na kuzidi siku baada ya siku. Mpole anaweza kuwa mkali, na mkali akawa mpole kupita kiasi, jambo linalowahadaa wengi. Huenda akajificha gizani, akakataa chakula, akawa analamba au kutafuna pale alipoumwa zamani.

Baadaye huja ukali wenyewe. Huuma vijiti, mawe, mnyororo na hata hewa. Akitoroka hukimbia masafa marefu bila kugeuka nyuma, akiuma anachokutana nacho, na haitikii jina lake. Sauti hukwama, taya huning'inia, mate humwagika kwa kuwa hawezi kuyameza, miguu ya nyuma huyumba. Kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi tangu dalili kuanza.

Kuna pia sura ya pili ya ugonjwa huo, isiyo na mbio hata kidogo. Mbwa hupooza tu, akakaa kimya kinywa wazi. Watu wengi wameingiza mkono wakidhani ana mfupa kooni. Hii ndiyo sababu kuchukulia mbio kuwa ndiyo alama ya kichaa ni kosa la hatari mara mbili: huua mbwa wazima, na huwaacha watu wakimkaribia mgonjwa kwa vile ametulia.

Yapo maradhi mengine yanayofanana na kuchachawa. Kifafa humfanya mbwa aanguke kando, miguu ikipiga kasia na macho yakiwa hayaoni. Baada ya hapo huonekana amechanganyikiwa. Mbwa anayefukuza mkia wake kwa saa nyingi kila siku hadi kujijeruhi ana tatizo la akili linalotokana mara nyingi na upweke na kufungwa. Anayeshtuka na kukimbia huku akijigeukia kuuma kiuno huenda ana viroboto, au maumivu. Wote hao ni wa daktari wa mifugo.

Mbwa mzima anapoanza mbio zake, ushauri wa wataalamu ni mfupi: mwache amalize. Anayemkimbiza akimkaripia huwa ameingia mchezoni bila kujua, naye mbwa hufurahi na kuongeza kasi. Anayetaka kumwita na amgeuzie mgongo, aondoke upande wa pili huku akimwita kwa sauti ya furaha. Mbwa atageuka kumfuata. Lango na lifungwe kwanza, maana mbwa aliye katika hali hiyo hatazami magari.

Watoto wadogo na wazee wasimame kando ya ukuta, kwani mbwa wa kilo 35 anayekuja kwa kasi humvunja mtu mguu bila kukusudia. Sakafu ya vigae ni hatari kwa magoti yake mwenyewe. Mbwa wenye pua bapa, ambao wamekuwa fahari ya mitaa ya kitajiri ya Nairobi, hupumua kwa shida. Kwa kuwa mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, mbio za adhuhuri zinaweza kuwaua kwa joto. Madaktari wengi wa mifugo hushauri pia kwamba mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wa jamii ya Kijerumani wanaopendwa na kampuni za ulinzi, wasiachiliwe kukimbia punde tu wanapomaliza chakula kingi, kwa hofu ya tumbo kujaa hewa na kujisokota.

Mpita njia asiyemjua mbwa hana haja ya kusimama akichunguza kama mkia umekunjwa au la. Na asimame tuli, mikono mwilini, asimkazie macho wala asikimbie, kisha arudi nyuma taratibu. Mbwa akionekana kuwa na dalili zilizoelezwa, afisa wa mifugo wa kaunti ndiye wa kuarifiwa, kwani huduma hizo ziko chini ya serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013.

Mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014, na ambao Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuutekeleza, unalenga kukomesha ifikapo mwaka wa 2030 vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Nguzo yake kuu ni chanjo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwaua mbwa ovyo hakujawahi kuleta matokeo hayo. Aghalabu nafasi ya mbwa aliyeuawa, ambaye pengine alikuwa amechanjwa, huchukuliwa na mbwa koko ambaye hajawahi kuona sindano. Isitoshe, kumpiga mnyama hadi kufa ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama.

Kilebu huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Cheti kihifadhiwe, na mbwa avishwe ukanda shingoni ili hata asiyemjua atambue kuwa ana mwenyewe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majani, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuanza kudungwa sindano za chanjo. Mwenye majeraha mabaya huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa penye kidonda chenyewe. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Naye mbwa, ikiwa anaweza kufungiwa salama, asiuawe. Na afungiwe mahali penye maji na chakula na kuangaliwa kwa siku kumi chini ya uangalizi wa afisa wa mifugo. Akiwa bado mzima siku ya kumi na moja, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na daktari anaweza kukatiza sindano zilizosalia. Akizikwa upesi siku ya kwanza, jibu hilo huzikwa pamoja naye, na aliyeumwa hulazimika kumaliza sindano zote.